Umeshika Tano au Umeshika Moja? Jibu kwa Mwalimu wa Tanga Mwenye Michoro 63

SWALI (barua imefupishwa): Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari, hapa Tanga. Nachora kwa kujifundisha mwenyewe tangu 2014, Jumamosi na wakati wa likizo. Nina michoro 63: rangi za maji, akriliki, rangi ya mafuta, mkaa na pasteli kidogo. Nachora chochote: bahari, maua, watu, samaki, simba, hata michoro isiyo na umbo la kitu. Sasa nimepewa ukumbi wa maktaba kwa wiki 2 niionyeshe kwa mara ya kwanza. Mwenzangu wa ofisini ameniambia, "Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tano." Je, nichague rangi moja na somo moja kwanza ndipo nionyeshe? Pia mchoro wangu mkubwa wa akriliki umeanza kubanduka kama gamba la nyoka, sijui kwa nini. Nimeambatanisha picha 20.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Picha zako nimezitazama kwenye simu, nikazitazama tena kwenye kompyuta, mwisho nikazichapisha ndogondogo na kuzipanga mezani kama karata. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kwenye simu halikuonekana, na ndilo nitakalolisema kwanza.

Mwenzako amekosea hesabu. Hujashika tano. Umeshika moja, nayo ni mstari. Katika picha 20 ulizonitumia, 17 zimechorwa kwa njia ileile: unazungushia kitu mstari wa penseli uliokolea, kisha unajaza ndani ya mstari. Ngalawa ya pwani ya Raskazone ya rangi za maji, samaki changu wa akriliki, uso wa baba wa rangi ya mafuta, vyote vimepita mlango mmoja. Mkono wako umezoea jometri, na sikulaumu. Mstari wako ni safi kuliko wa wanafunzi wengi niliowafundisha. Ila maana yake ni kwamba hizo aina tano ziko kwenye tyubu tu. Zikifika kwenye karatasi, zote zinafanya kazi ya penseli za rangi.

Kwa hiyo swali lako la kuchagua rangi moja naligeuza. Usiache hata moja bado. Kwanza ziache zikuonyeshe kila moja inataka nini, maana rangi si nguo ya kumvika umbo ulilokwisha kulichora. Rangi yenyewe huzaa umbo.

Mfano ninaoupenda ni wa mtu ambaye jina lake kila mmoja analitaja bila kufikiria alikuwa anapaka nini. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, hakusomea sanaa popote. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alichukua vitu vya fundi ujenzi na fundi baiskeli: ubao wa dari na hadibodi, na rangi ya mafuta ya kung'aa. Rangi hiyo haichanganyiki polepole kwenye ubao kama rangi ya wasanii. Inatiririka, inajisawazisha yenyewe, inakauka na uso laini kama sahani. Ukijaribu kuitia vivuli vya taratibu inakuvurugikia. Basi unafanya nini? Unapaka usuli wa rangi moja, unaacha ukauke, unaweka mnyama wa rangi isiyo na vivuli juu yake, na ukitaka manyoya au magamba unaweka nukta. Zile nukta watalii wanazozipenda zimetoka kwenye tabia ya kopo la rangi. Hata mraba wenyewe una hesabu yake, Mwalimu, na utaifurahia: bao la futi 4 kwa 8 linatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubakiza hata kijipande. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kuchora, na bado mtindo huo unalisha familia nyingi.

Sasa umweke kando yake George Lilanga, maana huyu ndiye jibu la mwenzako wa ofisini. Mmakonde wa kusini, aliyezaliwa 1934, mchonga vinyago. Alikuja Dar es Salaam na kupata kazi ya ulinzi wa usiku Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii. Wakubwa wa pale walipoona kazi yake wakampa nafasi ya kufanya kazi mchana. Kuanzia hapo alishika kila kitu: mpingo, ngozi ya mbuzi, batiki, chuma, machapisho ya wino, kisha hadibodi na kitambaa. Hata hivyo mashetani anaowachonga na kuwachora ni walewale, wenye masikio makubwa na midomo iliyofumuka. Uwatazame kwa makini utaona hawafanani. Kwenye mpingo wamepindana kwa sababu gogo ni la duara. Kwenye chuma wamekuwa kivuli kitupu, ukingo na uwazi. Kwenye hadibodi wamejaa kila kona kwa rangi zinazopiga kelele. Mtu mmoja na somo moja, lakini kila kifaa kimemlazimisha kuona upya. Wewe una vifaa vingi kama yeye. Kinachokosekana ni huko kulazimishwa.

Nikuthibitishie kwa kazi yako mwenyewe. Mchoro wako bora katika zote 20 ni ule wa mkaa, mama akipepeta mchele. Nadhani hata wewe unajua. Mkaa hauna ncha ya kuchora mstari mwembamba kwa muda mrefu, na mama hakukusubiri. Ungo ulikuwa unapanda na kushuka. Ukashindwa kuzungushia. Ukapaka giza la ukuta nyuma yake kwa ubavu wa mkaa, na mgongo wa mama ukajitokeza wenyewe kutoka kwenye giza hilo bila mstari hata mmoja. Punje zilizo hewani ni karatasi tupu uliyoiacha. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naitafuta katika zile 17.

Tuje kwenye rangi za maji, kwa kuwa ndizo nyingi na ndizo zinazoumia zaidi kwa mstari. Kabla ya yote tuelewane lugha, maana dukani kwetu maneno yanatuchanganya. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema "rangi ya maji" unapewa ya kupaka ukuta. Ukisema "rangi ya mafuta" unapewa ile ya kung'aa ya milango na mageti. Kwenye sanaa, rangi za maji ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya mti, gamu arabiki, nayo inayeyuka tena ukiilowesha hata baada ya miaka. Rangi ya mafuta ya wasanii ni unga huohuo uliosagwa na mafuta ya kitani. Hivyo ni vitu vinne kwa majina mawili, na shida yako ya gamba la nyoka, nitakavyoeleza, imeanzia hapo.

Katika rangi za maji hakuna nyeupe. Nyeupe ni karatasi. Mwanga wote wa bahari ya Raskazone saa nne asubuhi ungeupata kwa kutopaka, lakini wewe umeujaza mraba wote buluu kisha ukarudi na rangi nyeupe nzito kuweka mawimbi. Ndiyo maana bahari yako inaonekana kama bati. Anza na kilicho chepesi kabisa, acha kikauke, ongeza kizito, na sehemu zenye mwanga uzipite mbali. Ni kinyume cha Tingatinga kabisa, ambaye angeanza na usuli wote na kumalizia na nukta nyeupe.

Karatasi nayo. Nimeona inavyojikunja pembeni. Hiyo ni manila ya stesheneri, au sivyo? Manila ni nzuri kwa chati za darasani. Ikilowa inavimba, nyuzi zake zinachubuka brashi ikipita mara ya tatu, na baada ya miaka michache inageuka njano kwa tindikali iliyomo. Tafuta karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ikiwezekana ya pamba. Ni ghali, najua. Ikate vipande vinne na uchore vidogo. Mchoro wa ukubwa wa daftari kwenye karatasi nzuri utadumu kuliko bango kwenye manila.

Yale maua ya zambarau ya Usambara ndiyo yaliyonikaribisha zaidi katika kundi hili. Watu wengi Ulaya wanayafuga dirishani bila kujua yametoka kwenu. Jina lake la kitaalamu la awali, Saintpaulia, limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga na kuzipeleka mbegu zake kwao miaka ya 1890. Umeyachora kwa subira, na majani yenye vinyweleo umeyapata karibu sawa. Mstari tu ndio umeyaua. Jaribu petali moja hivi: lowesha karatasi kwa maji matupu katika umbo la petali, kisha gusa ukingo mmoja kwa ncha ya brashi yenye rangi, uiache itembee yenyewe. Usiisaidie. Itasimama pale maji yanapoishia na kukupa ukingo laini kuliko wowote uwezao kuuchora.

Akriliki, na lile gamba. Umesema ubao ulikuwa "umepakwa rangi nyeupe ya mafuta kwanza uwe laini". Hapo ndipo tatizo lilipo. Akriliki ni plastiki iliyo ndani ya maji. Maji yakitoka, plastiki inajishika kwenye vitundu vidogo vya kitu kilicho chini. Rangi ya mafuta ya milango ikikauka haina vitundu, ni kama kioo. Akriliki yako imelala juu yake bila kushika popote, na joto la Tanga lilipoutanua na kuusinyaza ubao, ikaachia. Kumbuka hivi: mafuta juu ya akriliki inakubalika, akriliki juu ya mafuta hapana. Huo uliobanduka hauponi kwa gundi. Upige picha kwa kumbukumbu, kwangua yote, piga msasa namba 220 mpaka mng'ao ufe, futa vumbi, na hapo utakuwa na ubao mzuri wa kuchorea kwa rangi ya mafuta. Kwa akriliki ya baadaye, chukua hadibodi mpya, ipige msasa kidogo, ipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani isiyong'aa, mara mbili. Si bora kama jeso, rangi ya msingi ya wasanii, lakini inashika. Na upake upande wa nyuma na kingo pia. Hadibodi hunywa unyevu kupitia kingo, na pwani unyevu hauishi.

Akriliki inakauka kwako kabla hujageuza brashi, ndiyo maana umeichukia. Chora alfajiri. Tandika kitambaa chenye maji kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea keki, na uweke rangi hapo. Itakaa laini asubuhi nzima.

Uso wa baba nimeurudia mara nyingi. Umefanana, hapana shaka, macho yana mtu ndani. Lakini ngozi umeipata kwa kuchanganya kahawia na nyeusi ya tyubu, na imekuwa masizi. Ngozi yetu haichorwi kwa nyeusi. Chukua kahawia ya siena au amba na bluu ya ultramarini, uzichanganye kwa kiasi mbalimbali: kahawia ikizidi unapata joto, bluu ikizidi unapata kina, na zikikaribiana unapata giza ambalo bado lina uhai. Kisha mkalishe mtu karibu na dirisha umtazame kweli. Mng'ao wa paji la uso chini ya anga ni wa kibuluu, si mweupe. Chini ya taa ya umeme unageuka njano. Masikio na pembe za pua ni vyekundu kuliko unavyodhani. Wanafunzi wangu hubishana nami hadi wajitazame kwenye kioo.

Unaponunua tyubu usisome jina la mbele, kila kiwanda kinabuni lake. Geuza usome herufi ndogo. PB29 ni ultramarini, PBr7 ni udongo wa siena na amba, PW6 ni nyeupe ya titani. Hizo zinavumilia jua. PR83, ile nyekundu nzuri ya damu ya mzee, inapauka, hasa kwenye rangi za maji. Tyubu isiyo na herufi yoyote ni ya kuchezea watoto. Hili nililijifunza kwa aibu: niliwahi kumuuzia mteja mchoro wa mikarafuu yenye anga ya waridi, na baada ya miaka miwili sebuleni kwake anga ilikuwa rangi ya uji. Nilimrudishia pesa. Tangu siku hiyo kila rangi mpya naipaka kwenye ukanda wa karatasi, nusu naifunika kwa foili ya jikoni, naibandika dirishani kwa miezi mitatu. Kwa jua la Tanga hutahitaji zaidi.

Rangi ya mafuta yako ina michoro miwili tu na bado ni mapema kuisema sana. Jambo moja: haikauki kwa kupoteza maji, inakauka kwa kuvuta hewa, polepole, kwa miezi. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka kwanza, la chini litaendelea kujongea, na utapata nyufa kama tope la kiangazi. Na tafadhali, usiyeyushe kwa petroli, hata kama fundi wa mageti hufanya hivyo. Matambara yenye mafuta ya kitani yaloweke majini kabla ya kuyatupa. Yakirundikwa yanaweza kujiwasha yenyewe.

Pasteli na michoro isiyo na umbo nitaipita. Hiyo ya pili ni mitatu na yote inaonekana kama umechoka kuchora vitu. Si kosa, lakini si kwa onyesho la kwanza.

Kuhusu somo. Huna masomo mengi mno, ila unayo mawili matatu usiyoyajua. Simba wanne chini ya mgunga, machweo mekundu nyuma: nilikisia ni ya kalenda, na kwenye picha ya tatu pembe ya kalenda yenyewe inaonekana ukutani. Iache nyumbani. Kwanza, picha ile ina mwenyewe, na ukiiuza nakala yake unaingia kwenye mambo ya hakimiliki. Pili, na kwangu hili ni zito zaidi, simba huyo hukumwona wewe, alionwa na kamera. Linganisha na mkonge wako: mistari ya mkonge inayokimbilia mlimani umeichora mara nne, kila mara saa tofauti, na ya jioni nilikuwa karibu kusikia vumbi. Sam Ntiro alikuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, mtu wa suti na mikutano, aliyekuwa amesoma Makerere na Slade, chuo cha sanaa cha London. Angeweza kuchora Mto Thames siku zote. Alichora Uchagani: watu wakilima, wakivuna, wakibeba pombe ya ndizi kumpelekea bibi harusi usiku. Mchoro huo wa 1956 ulinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York mwaka 1960. Na kazi ya mchana alikuwa nayo, kama wewe, kwa hiyo lile neno "mimi si msanii hasa" uliloliandika mara tatu kwenye barua usiliandike tena kwenye tangazo la maktaba.

Onyesho basi. Usitundike 63. Tundika 18, pungufu ikibidi. Usizipange kwa aina ya rangi, kwamba ukuta huu maji, ule akriliki. Hiyo ni stoo. Zipange kwa mahali. Ukuta mmoja mkonge, wa pili bahari na samaki, wa tatu watu wa nyumbani, maua peke yake karibu na dawati la maktaba ambapo mtu anaweza kuinama. Mtazamaji akiona changu wa mkaa kando ya changu wa akriliki kando ya changu wa rangi za maji, atayaona mambo matatu kuhusu changu, na hatakuuliza kwa nini hukuchagua.

Lakini changu wa aina tatu bado huna. Unaye wa akriliki tu, mwenye mstari. Hiyo ndiyo kazi ya wiki hizi zilizobaki. Nunua samaki mmoja feri asubuhi, mweke kwenye sinia, mchore mara tatu kabla hajaanza kunuka. Penseli ifungie kabatini. Mkaa dakika 10, rangi za maji dakika 30, akriliki saa moja. Wa kwanza watakuwa vibaya. Mle, kesho nunua mwingine.

Mengine madogo. Michoro ya karatasi iwekewe kioo, ila kioo kisiguse karatasi. Mwambie fundi fremu akutilie kadi nene iliyotobolewa dirisha katikati, vinginevyo unyevu utanasa na kuvu itaanza ndani ya msimu mmoja wa mvua. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua la mchana. Chini ya kila mchoro andika jina, vifaa na mwaka: "rangi za maji juu ya karatasi, 2021". Bei ukitaka, lakini iandike wewe, usisubiri mgeni akuulize ukaona haya ukataja ndogo.

Na ule wa mama akipepeta, ningependa uwe wa kwanza mtu anapoingia. Kama bado hujaupulizia dawa ya kushika mkaa, usiupitishie kiganja hata kwa bahati mbaya, wala usitumie dawa ya nywele, itaugeuza njano. Ulaze kwenye ubao mgumu, juu yake karatasi laini safi, si gazeti, maana wino wake utahamia, na usiuburuze. Ukae hivyo mpaka siku fundi atakapokuwa tayari na kioo.